Ndege Ina Namba, Mpagazi Hana Jina

Ukimwambia mtu kwamba kuna watu wazima, wenye kodi ya nyumba na watoto wa kusomesha, wanaokesha miezi mitatu wakiunda ndege ya plastiki yenye urefu wa kiganja, jibu ni lile lile: hiyo ni toi. Wacha wacheze, kila mtu na starehe yake. Wengine mpira, wengine mbio za magari, wengine gundi na msasa.

Mimi naona tunawaachilia mapema mno. Ndege ndogo ya kivita iliyoundwa kwa skeli inadai jambo zito: kwamba hivi ndivyo kitu kilivyokuwa. Riwaya ya kihistoria inadai hivyo hivyo, filamu pia, sanamu ya barabarani pia. Hizo tunazihakiki bila huruma. Tunauliza mwandishi amemweka nani mbele, amemsahau nani, ameficha nini. Kwa nini kazi ya plastiki iponyoke?

Hapa nitahakiki aina moja tu ya kazi hiyo, ile ngumu kuliko zote: ndege ya zamani ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, iliyoundwa kwa njia inayoitwa vakufomu. Na ndege nitakayoishika mkononi ni B.E.2c ya Waingereza. Nimeichagua kwa sababu iliruka hapa kwetu, juu ya nyika ya Taita na Taveta, na kwa sababu imeacha nyuma yake maswali ambayo gundi haiwezi kuyaziba.

Plastiki, moto na ombwe

Tuanze na ufundi, maana bila kuuelewa huwezi kuuhukumu.

Seti za kawaida za ndege, zile za kampuni kubwa kama Airfix, hutengenezwa kwa kusukuma plastiki iliyoyeyuka ndani ya kalibu ya chuma. Kalibu hiyo ni ghali sana kuchonga. Kwa hiyo kampuni lazima iuze maelfu ya seti ndipo irudishe pesa yake, na ndege zinazouzwa kwa maelfu ni zile zile maarufu: Spitfire, Mustang, Messerschmitt. Ukitaka ndege ambayo haikupata filamu yake, utangoja sana.

Vakufomu ni njia ya mtu asiye na kiwanda. Unachonga umbo la nusu ya ndege kwa mti au kwa utomvu mgumu. Unachukua shiti ya plastiki, unaipasha moto mpaka inalegea kama unga wa chapati uliokandwa vizuri. Unailaza juu ya lile umbo, halafu pampu inanyonya hewa yote iliyo chini yake. Panapobaki ombwe, hewa ya juu inaigandamiza plastiki ikumbate umbo. Sekunde chache tu, imepoa, imekuwa ngumu. Mtu anaweza kuifanya hii kazi nyuma ya nyumba yake, na wengi walifanya hivyo. Kuanzia miaka ya 1960 hadi 1990, watengenezaji wadogo kama Rareplanes na Contrail wa Uingereza waliuza mifuko ya shiti nyeupe zenye ndege ambazo wakubwa hawakuzigusa.

Kama umewahi kununua kitabu cha mashairi kilichochapishwa na mshairi mwenyewe, nakala mia moja, bei ya kuelewana, unajua uchumi huu. Mlango mkuu ukifungwa, watu wanapitia dirishani. Hii ndiyo sifa ya kwanza ya vakufomu na nitaisema bila kusita: iliwapa nafasi wale waliosahauliwa. Ilisema kwamba historia si ya ndege kumi maarufu peke yake. Shikilia wazo hilo, tutalirudia.

Sasa ubaya wake. Ukifungua mfuko hupati vipande vilivyo tayari. Unapata shiti ambayo maumbo yamejitokeza juu yake kama miguu chini ya blanketi. Kuyatoa ni kazi. Unapiga mstari wa penseli kuzunguka kila umbo. Unapitisha wembe kando yake, taratibu, bila kukata hadi chini. Unakunja, kipande kinakatika. Halafu unalaza msasa kwenye kioo au ubao ulionyooka, unamwagia maji kidogo, na unasugua kile kipande kwa mzunguko. Unasugua. Unasugua tena. Mstari wa penseli ndio unaokuambia umefika wapi. Ukiupita, umekula ndege yenyewe.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Piga hesabu. Shiti yenye unene wa milimita 1, kwenye skeli ya 1 kwa 72, ni sawa na sentimita 7.2 kwenye ndege halisi. Usipouondoa unene huo pande zote mbili, kiwiliwili cha ndege yako kitanenepa kwa sentimita 14 na zaidi. Na ukingo wa nyuma wa bawa, ambao kwenye ndege ya kweli ulikuwa mwembamba wa kitambaa na ubao, utaonekana kama ubao wa meza. Kwa hiyo unasugua upande wa ndani, ambao hakuna mtu atakayeuona, ili upande wa nje useme kweli.

Hapo ndipo mimi naheshimu. Sanaa nyingi za siku hizi hufanya kinyume: nje panang'aa, ndani hapajaguswa.

Msomaji anayejaza mapengo

Kuna vitu ambavyo vakufomu haiwezi kuvitengeneza. Vitu vyembamba, vitu vya mviringo kamili, vitu vyenye tundu katikati. Nguzo za kushikilia mabawa zikinyonywa hutoka kama vijiti vya aiskrimu vilivyopasuliwa katikati. Injini hutoka kama donge. Magurudumu, bunduki, rafadha: vyote dhaifu. Kwa hiyo mwenye seti anajua tangu siku ya kwanza kwamba kile alichonunua hakitoshi. Lazima achonge nguzo zake kwa mwanzi au plastiki ngumu. Lazima ajenge injini silinda kwa silinda. Anatafuta michoro na picha za zamani, anapima, anabishana na wenzake, anaamua.

Ni kazi inayofanana na ya mtafsiri kuliko ya mnunuzi. Seti ya kisasa ya kampuni kubwa inakuambia: fuata namba, usifikirie. Vakufomu inakuambia: hapa pana pengo, wewe unasemaje? Hakuna vakufomu mbili zilizofanana, hata zikitoka shiti moja, kwa sababu kila mtu amejaza mapengo yake kwa ujuzi wake na kwa ujinga wake.

Sisi hatuko mbali na utamaduni huu. Mtoto wa mtaani anayeunda gari la waya hana seti. Vijana wanaotengeneza matatu ndogo za kadibodi, zenye grafiti, taa na muziki ndani, hawana maelekezo. Wanaangalia kitu, wanakielewa, wanakirudia kwa walichonacho. Tofauti ni moja, na ni kubwa: yule wa matatu anajua jina la makanga.

B.E.2c mkononi

Sasa ndege yenyewe. B.E.2c ilitoka Royal Aircraft Factory, Farnborough. Mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 11.29 toka ncha hadi ncha, kwa hiyo kwenye skeli ya 1 kwa 72 inakuwa kama sentimita 15.7. Inakaa kwenye mkono wako kama ndege mdogo wa kweli. Injini yake ya silinda nane ilitoa nguvu za farasi 90, rafadha yake ilikuwa na makasia manne, na mabomba mawili ya moshi yalisimama wima mbele kama pembe. Ikijitahidi sana ilifika kilomita 116 kwa saa. Prado ya mheshimiwa kwenye Thika Road ingeipita.

Kati ya bawa la juu na la chini kuna nguzo nane, nne kila upande. Juu ya kiwiliwili kuna nne zaidi. Halafu nyaya, nyaya, nyaya. Ndege za wakati ule zilishikana kwa nyaya kama vile hema linavyoshikwa na kamba, na muundaji wa skeli lazima azirudie zote, kwa mshipi mwembamba wa kuvulia samaki au kwa uzi wa plastiki uliovutwa juu ya mshumaa mpaka ukawa kama unywele. Bawa la juu likikaa upande kwa nusu milimita, kila waya utapiga kelele. Ndege ya mabawa mawili haifichi uongo.

Hapa kuna jambo ambalo kazi hii inafundisha vizuri kuliko kitabu chochote. Kwenye B.E.2c, rubani alikaa nyuma. Aliyekaa mbele, katikati ya msitu wa nguzo na nyaya, chini ya bawa, alikuwa mwenzake mtazamaji, ambaye ndiye aliyepaswa kupiga risasi. Ukisoma sentensi hiyo unaitikia tu kwa kichwa na unaendelea. Ukiiunda, ukijaribu kupitisha bunduki yenye urefu wa nusu kidole kati ya zile nyaya ulizozifunga mwenyewe kwa wiki mbili, unaelewa kwa vidole. Hakuna pa kuielekeza. Mbele kuna rafadha, pembeni kuna nguzo, nyuma kuna kichwa cha rubani. Ndege ilibuniwa iwe tulivu hewani ili mtu apige picha na kuchora ramani kwa raha, na utulivu ule ule uliifanya iwe rahisi kuwindwa. Kule Ufaransa, ndege za Fokker za Wajerumani zilizipukutisha kama kumbikumbi.

Hii ndiyo sanaa ikifanya kazi yake. Mwili wako umeelewa kitu ambacho akili ilikipita. Ningekuwa natoa maksi, hapa ningetoa tisa kwa kumi.

Ilivyofika kwetu

Afrika Mashariki hakukuwa na Fokker. Adui wa ndege hapa walikuwa jua, mvua na umbali.

Stori inaanzia kwenye maji. Mwishoni mwa 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha ndani ya delta ya Rufiji. Waingereza hawakuweza kuiona kutoka baharini, mikoko imewakinga Wajerumani. Wakamkodi rubani raia, H. Dennis Cutler, aliyekuwa Durban na mashua yake ya kuruka aina ya Curtiss. Rejeta ya mashine hiyo ilipoharibika, ikabidi itafutwe nyingine Mombasa, kwenye gari la Ford. Ndiyo, jua kali ilikuwepo kabla ya jina lake. Cutler aliiona manowari, lakini mwezi Desemba akakamatwa na Wajerumani.

Mwaka uliofuata Waingereza walifyeka kiwanja kwenye kisiwa cha Mafia na kuleta ndege za Henri Farman na Caudron. Tarehe 11 Julai 1915, Cull akiwa rubani na Arnold akiwa mtazamaji, waliruka juu ya delta kuelekeza mizinga ya meli mbili, Severn na Mersey. Ndege yao ilipigwa. Arnold aliendelea kutuma ishara za redio kurekebisha shabaha huku wakianguka, mpaka wakatua mtoni. Siku hiyo Königsberg ilikwisha. Mizinga yake kumi Wajerumani waliing'oa na kuiburuta nchi kavu waendelee na vita. Mmoja uko Fort Jesus leo. Pengine umepiga selfi nao bila kujua ulikotoka.

Vita vikahamia bara. Caudron za wanamaji zilifika Maktau, na mwanzoni mwa 1916 Kikosi cha 26 cha Royal Flying Corps, chenye watu wengi kutoka Afrika Kusini, kikashuka Mombasa na ndege za B.E.2c na kupiga kambi Mbuyuni, kando ya reli mpya iliyokuwa ikisukumwa kutoka Voi kuelekea Taveta. Kutoka hapo ziliruka kuelekea Salaita, Kilimanjaro, na baadaye kusini kabisa zikifuata majeshi yaliyokuwa yakimkimbiza Lettow-Vorbeck.

Kila ndege iliyosogea kusini ilihitaji kiwanja, na kiwanja ni kichaka kilichofyekwa na mtu. Ilihitaji petroli, na pale reli ilipoishia na malori yalipozama kwenye tope, kilichobaki ni kichwa cha mtu. Mashine ya kisasa kuliko zote katika vita vile iliegemea njia ya kale kuliko zote ya kubeba mzigo.

Ukweli wa rangi na ukweli mwingine

Sasa tufike kwenye lawama.

Wanaounda ndege za skeli wana mahakama yao ya ukweli, na ni kali. Watabishana mwaka mzima kuhusu rangi ya kitambaa: je, ilikuwa ya krimu tupu, au ilipakwa rangi ya kijani-kahawia? Mduara wa utaifa ulikuwa na ukingo mweupe au la? Namba ya mkiani ilikuwa na urefu gani? Kwa namba ile moja wanaweza kukuambia ndege ilitengenezwa na kiwanda gani, ilipokelewa lini, nani aliirusha, ilivunjika wapi. Ni usomi wa kweli, mwingine wa kiwango cha juu kuliko tasnifu nyingi, na unafanywa bure, usiku, na watu wenye kazi nyingine mchana.

Halafu kazi ikikamilika inawekwa juu ya kipande cha ubao. Wengine wanaongeza udongo mwekundu na nyasi kavu, na kibati kidogo: Afrika Mashariki, 1916. Kando ya ndege anasimama rubani wa milimita 24, ana kofia ya jua na mkono kiunoni. Pengine fundi mmoja. Basi. Udongo ni wa kwetu, rangi yake imepatikana sawasawa. Watu hawapo.

Sanamu ndogo za marubani na mafundi wa enzi ile zinauzwa, na ni nzuri. Mpagazi mwenye debe la petroli kichwani mimi sijakutana naye kwenye seti yoyote. Na hiyo ndiyo kasoro yangu kubwa kwa sanaa hii: imejenga kipimo cha ukweli kinachoweza kugundua kosa la nusu milimita kwenye nguzo na kisigundue kukosekana kwa maelfu ya watu.

Nani walikuwa hao? Uliza jina la soko. Kariokor pale Nairobi ni Carrier Corps iliyopita kwenye ulimi wetu, na Kariakoo ya Dar es Salaam ni hivyo hivyo. Tunanunua viatu na kula nyama choma juu ya jina la jeshi la wapagazi. Walichukuliwa kwa mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu, na walikufa kwa makumi ya maelfu. Zaidi ya risasi, waliuawa na kuhara, malaria, njaa na baridi ya milimani. Kenyatta Avenue kuna sanamu ya shaba ya mwaka 1928 ambayo mmoja wa watu wake ni mpagazi. Haina majina.

Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti kuhusu kazi yake yenyewe. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, waliokufa wakitumikia dola ya Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, hawakukumbukwa kwa majina, na baadhi yao pengine hawakukumbukwa kabisa. Angalia pengo kati ya hizo namba mbili. Hatujui hata tumekosea kwa kiasi gani.

Sasa weka mambo mawili kando kwa kando. Ndege ya B.E.2c iliyoharibika kichakani mwaka 1916 inajulikana kwa namba yake. Babu aliyefyeka kiwanja ilichotulia hajulikani kwa lolote. Tunajua idadi ya nguzo. Hatujui idadi ya watu. Manze, hii si bahati mbaya ya makaratasi. Mtu aliandika orodha moja kwa uangalifu na nyingine hakuona haja.

Utetezi wao, na jibu langu

Najua nitajibiwa nini. Kwanza: hii ni sanaa ya mashine. Anayeunda ndege anaunda ndege. Ukitaka wapagazi, nenda kasome historia. Hoja hii ina uzito. Hatumlaumu mpiga picha wa maua kwa kutopiga siasa. Ndege iliyowekwa juu ya kioo, bila udongo, bila kibati, inadai kidogo, na inastahili kuhukumiwa kwa kidogo hicho. Lakini ukishaandika Afrika Mashariki, 1916, ukishaweka murramu na michongoma, umetoka kwenye mashine. Umeunda mahali. Na mahali pana watu.

Pili: mapengo ni ya seti, si ya muundaji. Sanamu hazipo sokoni, afanyeje? Hapa ndipo nawashika kwa neno lao wenyewe. Huyu ni mtu aliyechonga nguzo nane kwa mwanzi kwa sababu mfuko ulikuja bila nguzo za maana. Alijenga injini kutoka kwenye donge. Aliivuta plastiki juu ya mshumaa kupata waya. Maisha yake yote ya sanaa ni kutengeneza kile ambacho hakikuwemo kwenye mfuko. Sasa amefika kwa binadamu, eti haiwezekani kwa sababu hakikuwemo kwenye mfuko? Wewe bana.

Mtu wa sentimita mbili na nusu ni waya na utomvu kidogo. Debe ni kipande cha plastiki. Haichukui usiku kucha. Kinachokosekana ni kuona kwamba ni sehemu ya usahihi, sawa na rangi ya kitambaa.

Tatu, na hii inatoka upande wetu: kwa nini tunawadai wazungu wa gundi kazi ambayo sisi wenyewe hatujaifanya? Swali zuri, na linauma. Maktau na Mbuyuni ziko kaunti ya Taita-Taveta, safari ya treni hadi Voi na matatu moja mbele. Tuna waunda matatu za kadibodi wenye macho makali kuliko mtu yeyote. Tuna wachongaji. Tuna hadithi za familia zinazozeeka pamoja na wanaozijua. Kulia kwamba mwingine hajatuweka kwenye sanamu yake, wakati meza yetu ni tupu, ni uvivu wenye maneno matamu. Lakini uvivu wetu haufuti wajibu wao. Yule aliyechagua mahali pangu kuwa mapambo ya ndege yake bado ana deni.

Kile ambacho ningependa kukiona

Vakufomu yenyewe inakufa. Tangu miaka ya 1990 seti za plastiki za matoleo madogo, utomvu, na sasa mashine za kuchapa vitu zimechukua nafasi yake. B.E.2c ya Airfix unaipata dukani, imenyooka, rahisi, namba moja hadi mwisho. Wachache wanaoendelea na shiti nyeupe wanafanya kwa upendo au kwa ukaidi. Tukipoteza njia hii tutapoteza tabia iliyoilea, ile ya kuangalia kilicholetwa mbele yako na kuuliza: hapa kimekosekana nini?

Tabia hiyo ndiyo ninayoitaka ibaki, tena iende mbali zaidi. Nitake nini hasa? Ubao uwe mrefu zaidi, kwanza. Ndege ikae upande mmoja, robo tu ya nafasi, na nyaya zake zote. Robo tatu zilizobaki ziwe njia: vichaka vilivyokatwa, visiki bado vibichi, na mstari wa watu unaokuja mpaka unakatwa na ukingo wa ubao, kwa sababu haukuishia hapo. Kila mmoja na mwendo wake. Mmoja anatweta, mmoja amepumzika, mmoja anaitazama ndege, mwingine haitazami kabisa maana ameshaiona na haijamsaidia chochote.

Na kibati kiandikwe kwa usahihi ule ule wanaoupenda. Aina ya ndege. Kikosi. Mbuyuni, 1916. Jina la rubani kama linajulikana. Halafu mstari mmoja zaidi: wapagazi, majina hayakuandikwa.

Mstari huo hauwarudishi. Lakini ni kipimo sahihi cha kile kilichotokea, na hii ni sanaa inayojisifu kwa kupima. Ikiendelea kuuacha, basi tusiiite kazi ya skeli. Skeli maana yake ni kupunguza kila kitu kwa kiwango kimoja. Hapa ndege imepunguzwa mara 72, na watu wamepunguzwa mpaka wakaisha.